Ukingoni mwa Shimo la Mkunazini

Kongo tumezoea sanamu zinazotutazama kutoka juu. Lumumba wa Limete, kule Kinshasa, amenyanyua mkono hewani, na anayetaka kumwona uso sharti akunje shingo. Mzee Kabila naye kasimamishwa juu ya jukwaa lake, mkubwa kuliko alivyokuwa duniani. Ndiyo kawaida ya sanamu za umma: anayekumbukwa hupandishwa, anayekumbuka hubaki chini. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiingia ua wa Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, macho yake huanza kutafuta mahali pasipo. Anatazama juu, anauona mnara wa Kanisa Kuu la Kianglikana. Anatazama mbele, anaona wageni wenye kamera na watembezaji wanaowapigia hadithi. Sanamu alizozifuata ziko miguuni pake.

Ziko ndani ya shimo la mstatili lililojengewa kuta: watu watano, wanaume kwa wanawake, wamefungwa shingoni kwa mnyororo. Aliyezifanya ni Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, mwaka 1998. Miili ni ya kijivu, mikavu, haina urembo wa kumpendeza mtu. Mnyororo ni wa chuma kweli, na pale wanakuambia kuwa ni wa zama zenyewe za utumwa. Nilichuchumaa niutazame vizuri. Pete ya shingoni haibani kooni. Imekaa juu ya mfupa wa bega, imeegemea pale kwa uzito wake, na kati ya shingo moja na nyingine mnyororo unalegea kidogo, kiasi cha mtu kuweza kugeuza kichwa amwangalie jirani yake. Hakuna aliyegeuza. Hakuna anayelia, hakuna aliyenyoosha mikono kuomba. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha maji kwenye pembe ya shimo, na kutu ilikuwa imechora mstari mwekundu kifuani pa mmoja wao, mstari ambao nadhani msanii hakuupanga lakini asingeukataa.

Ukisimama ukingoni, viatu vyako viko karibu usawa mmoja na vichwa vyao. Siku niliyokuwapo palikuwa na kundi la wanafunzi wenye sare, wanasukumana wapate nafasi ya kupiga picha. Mwalimu wao aliwakemea, akawapanga mstari kuuzunguka ukingo, kila mmoja atazame chini kwa utulivu na aone vizuri. Walipotulia hivyo, wakiwa wamewazunguka wale watano, wakiwakagua kwa macho, niliona ni nani walikuwa wamesimama mahali pake. Mnunuzi angesimama pale pale.

Hilo ndilo linaloitenganisha kazi hii na sanamu nyingi za huzuni nilizopata kuziona kwa macho au kwenye vitabu. Kila anayekuja pale anakuja na moyo mweupe. Amekata tiketi, amepita kwenye maonyesho ya historia yaliyomo katika jengo la pembeni, amesoma, ameguswa. Kisha anatoka nje, juani, na moyo wake mweupe unamfikisha ukingoni pa mnada. Hakuna mahali pengine pa kusimama. Huwezi kushuka ukakae nao, wala huwezi kuwatazama kutoka chini kama mashujaa. Unapewa nafasi moja tu, na si ile ambayo ungeichagua.

Soko la watu lilikuwa hapo hapo. Lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba ambao balozi wa Uingereza, John Kirk, aliusukuma kwa tishio la manowari kuizingira bandari. Wamisionari Waanglikana wa UMCA wakapata kiwanja, na Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, yule yule wa vitabu vya sarufi ya Kiswahili. Mapokeo ya kanisa yanasema altari iko mahali palipokuwa na nguzo ya kuchapia watumwa. Msalaba mmoja mdogo humo ndani umetengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo, uliozikiwa moyo wa Livingstone. Yote hayo mtembezaji anakusimulia kwa pumzi moja, maana nyuma yako kuna kundi jingine linasubiri.

Aliyenitembeza mimi alikuwa kijana mpole, mwenye kofia ya kiua. Aliniuliza, "Kaka, umetokea wapi?" Nikamwambia Bukavu. "Aa, Kongo!" akasema, akanigeukia mzima mzima. "Basi hawa ni ndugu zako." Akaonyesha shimoni. Alisema kwa huruma ya kweli, kama mtu anavyompa mkono mfiwa, nami nilimshukuru. Lakini tangu hapo nimekuwa nikimjibu kichwani, kwa sababu alichosema ni nusu ya habari.

Nusu yenyewe ni kubwa. Biashara ya pembe na watu iliyokuwa na kitovu chake Unguja ilikula Manyema, mashariki mwa Kongo, kwa miaka mingi. Nyangwe, kando ya Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, watu wa misafara waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni; mamia walikufa, wengi wao majini, na Livingstone alikuwa pale akiona. Kutoka Kasongo mashambulizi yalifika hadi Bulega, misitu ya Shabunda na Mwenga ambako nusu ya majirani zangu wa Bukavu wana asili yao. Kusini, misafara ya Ujiji ilivuka Tanganyika ikafika Uvira. Milima ya Bushi, inayoizunguka Bukavu, yenyewe haikuwa njia kuu, na Bukavu kama mji haikuwapo; ni Wabelgiji walioujenga, wakauita Costermansville, jina lililokaa hadi miaka ya 1950. Hata hivyo, anayetoka Kivu hawezi kusimama juu ya lile shimo akasema hawa siwajui.

Nusu ya pili ndiyo inayonisumbua. Kiswahili ninachoandikia maneno haya hakikushushwa Kivu na malaika. Kilikuja na misafara ile ile. Kilitoka pwani, kikapita Tabora na Ujiji, kikavuka ziwa, kikapiga kambi Kasongo na Nyangwe, na baadaye ndipo kilipopanda huku kwetu kwa miguu ya askari, makarani, wachimba migodi na makatekista. Na waliokibeba kwa sehemu kubwa hawakuwa Waarabu wa Oman. Walikuwa Wanyamwezi, walikuwa watu wa mrima, walikuwa Wamanyema wenyewe: vijana waliotekwa, wakapewa bunduki, wakavaa kanzu, wakajiita waungwana, wakaenda kuteka kijiji cha pili. Ngongo Leteta, ambaye husimuliwa kwamba alikuwa mtumwa utotoni, alipanda akawa mkuu wa majeshi ya Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Mwaka 1892 akahamia upande wa Wabelgiji akawasaidia kuwapiga mabwana zake wa zamani. Septemba 1893 Wabelgiji hao hao wakampiga risasi. Mtu mmoja, maisha mafupi, ameshakuwa shimoni, ukingoni, na shimoni tena.

Kutoka Mkunazini hadi Shangani ni mwendo mfupi wa miguu kwenye vichochoro. Huko ipo nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip mwenyewe, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905. Nilikwenda kuiona mchana ule ule. Huyu mzee alitusimulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi yake yamechapwa. Anaeleza mikopo, vita na frasila za pembe bila kigugumizi chochote, kwa lugha safi ambayo mwalimu yeyote angetamani wanafunzi wake waiandike. Nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa kijana niliifurahia. Bado naifurahia, nikiri. Ni kitabu cha mtu wa ukingoni, kimeandikwa kwa lugha yangu, na hakuna kitabu kama hicho kilichoandikwa na mtu wa shimoni kutoka Nyangwe siku ile ya soko.

Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, kuna Msikiti wa Manyema. Nenda Ujiji utakuta mitaa ya watu wanaojua bado kwamba babu yao alitoka ng'ambo ya ziwa. Mjukuu wa mateka, mjukuu wa mpagazi wa kulipwa na mjukuu wa aliyekuwa na bunduki wanaswali safu moja, na pengine ni mtu yule yule mmoja mwenye babu watatu. Kijana wangu mwenye kofia aliponiambia hawa ni ndugu zako, alinipa udugu na watano. Wa sita, yule aliyeshika mwisho wa mnyororo, hakutajwa. Wala msanii hakumchonga. Nadhani aliacha nafasi yake wazi kusudi.

Huku kwetu kulikuwa na watu walioijua sana sanaa ya namna hii, sanaa inayompanga mtazamaji, na hawakuhitaji tiketi wala makumbusho. Walega, wenyeji wa Bulega, walikuwa na bwami, chama cha maadili na elimu ambacho mwanamume alikipanda daraja kwa daraja, mkewe akipanda naye, hadi kindi, daraja la juu kabisa. Siku za kupandisha watu, vinyago vidogo vya mbao na vya pembe vilitolewa mifukoni na vikapuni, vikafungwa kwenye uzio uliosimamishwa nje, au vikalazwa chini mstari mmoja, watu wakivicheza na kuvizunguka. Anayeviona leo ndani ya kabati la kioo huko Ulaya anaona sura tulivu, nyeupe kwa chokaa, nzuri mno. Lakini hakuna kilichokuwa na maana kwa kutazamwa tu. Kila kimoja kilikuwa na usemi wake, ukiimbwa na kuchezwa, na usemi huo ulikuwa mzigo kwa aliyeusikia: sasa umeona, huna tena ruhusa ya kuishi kama asiyeona. Aliyetaka kuona alilipa, si fedha za mlangoni, bali mwenendo wake wote.

Mmoja wa wale wa mbao anaitwa Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi. Ana nyuso zinazotazama pande mbili, pengine nne. Walega humsifu kuwa aliona tembo ng'ambo ya mto mkubwa, yaani mtu mwenye busara asiyetazama upande mmoja. Wakati niko Mkunazini nilimkumbuka, kwa sababu alikuwa ndiye mgeni pekee ambaye angeweza kusimama pale kwa haki. Wabelgiji waliipiga bwami marufuku mwaka 1948. Vinyago vyake vingi viko ng'ambo. Vichache vimebaki nyumbani, na mjini Bukavu Makumbusho ya Kivu, yaliyoanzishwa na wamisionari Waksaveri, yamehifadhi baadhi ya vitu vya aina hiyo. Anayetaka kuviona aende, lakini akumbuke kuwa vilizoea kuanikwa nje, juani, na watu waliokuwa na la kuvisemea.

Kuna kazi nyingine ya Mkongo inayofanya jambo karibu na hili, ingawa nimeijua kwa picha na masimulizi tu. Tervuren, karibu na Brussels, makumbusho ya Afrika yana ukuta mrefu wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo katika miaka ya mwanzo ya ukoloni. Hakuna jina la Mkongo hata moja. Freddy Tsimba, yule wa Kinshasa anayeunga miili ya watu kwa maganda ya risasi, hakuubomoa wala kuuchora. Aliandika kwenye vioo vya dirisha lililo mkabala majina ya Wakongo saba waliofia Ubelgiji mwaka 1897, walipopelekwa wakaonyeshwe bustanini kama kijiji cha maonyesho. Jua likiwaka, vivuli vya majina saba vinatembea juu ya yale 1,508. Likifichwa na mawingu, na Ubelgiji mawingu si haba, hakuna kitu. Naipenda kazi hiyo kwa sababu haidai kuwa imeshinda.

Nirudi Mkunazini, kwenye sehemu isiyopendeza kuisemea. Chini ya jengo la pembeni wageni huteremshwa kwenye vyumba viwili vya chini, vya dari fupi, vyenye giza, na huambiwa hapa watumwa walirundikwa wakisubiri mnada. Wako wanahistoria ambao kwa miaka mingi wamesema: taratibu. Jengo lenyewe, wanasema, lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, kwa kazi ya hospitali. Vyumba vya chini vyawezaje kuwa gereza la biashara iliyokwisha komeshwa? Watembezaji wengi hawajali. Mgeni amekuja kutoka mbali, anataka kuinama, anataka kukosa hewa. Nami niliinama, nikakosa hewa, na nilipotoka nilihisi kuwa nimechezewa kidogo. Sina shaka kuwa watu waliteswa hapo Mkunazini. Ninalolilalamikia ni kwamba ushahidi wa kweli, uliopo na unaotosha, unawekewa kiongeza ladha, na siku mkanushaji akija ataanzia kwenye hicho kiongeza.

Sisi wa Kivu tusicheke. Tuna vyumba vya chini vyetu. Vyetu ni tarakimu. Shirika la misaada la IRC lilikadiria mwaka 2008 kwamba watu milioni 5.4 zaidi ya kawaida walikufa Kongo kati ya 1998 na 2007, sehemu kubwa kwa maradhi na njaa vilivyoletwa na vita. Wataalamu wengine waliipinga hesabu hiyo. Kisha tarakimu ikaanza kutembea peke yake: milioni sita, nane, kumi, kumi na mbili, kutegemea nani ameshika kipaza sauti. Kila ikipanda, nasikia majina yakishuka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010, ile tunayoiita Mapping, ina matukio 617 ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003, kila moja na mahali pake, tarehe yake, na mara nyingi waliodaiwa kutenda. Daktari Mukwege ameidai itekelezwe mpaka sauti imekauka, kabla na baada ya Nobeli ya 2018. Lakini katika mikutano yetu nimewasikia kumi wakitaja milioni kwa kila mmoja anayeweza kutaja vijiji vitano vilivyomo ndani ya ripoti hiyo.

Tuna alama, si kwamba hatuna. Pale Nyawera, katikati ya mji, ndipo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996, mji ulipoanguka, na mahali pake panajulikana na panakumbukwa. Tangu 2023 tarehe 2 Agosti ni siku ya kitaifa ya kuwakumbuka wahanga. Yapo makaburi ya pamoja yaliyojengewa saruji na kuandikwa. Kila jamii inajua kumbukumbu yake na inajua njia ya kufika.

Ni hapo shimo la Mkunazini linaponifuata mpaka Ibanda, mjini Bukavu. Likichimbwa shimo kama lile Bukavu, tutagombania kuingia ndani. Mtu wa Mwenga ataleta Kasika, tarehe 24 Agosti 1998, na ana haki. Mtu wa Uvira na Fizi ataleta Makobola, mwisho wa Desemba mwaka huo huo, na ana haki. Wengine wataleta wagonjwa wa hospitali ya Lemera, waliouawa vitandani Oktoba 1996. Banyamulenge watawaleta waliochinjwa Baraka na vijiji vya jirani mwezi uliotangulia, na wana haki. Na wale wakimbizi wa Kihutu wa Rwanda, waliosombwa na risasi kambini Kashusha na Inera, si mbali sana na mji, Novemba 1996, nani atawaleta? Wamo ndani ya ripoti ile ile, kurasa zile zile. Shimo litajaa hadi kufurika, na ukingoni hatasimama mtu. Wa ukingoni kwetu daima ni wa nje: ni wa ng'ambo ya mto Ruzizi, ni wa Ulaya anayenunua madini, ni yule aliyekwisha kufa. Wapo kweli hao wa nje, nami siwapunguzii hata punje. Februari 2025 mji uliingiwa tena, mara hii na waasi wa M23, na hakuna haja ya kumfundisha mtu wa Bukavu kazi ya jirani mwenye bunduki. Ninachosema ni kwamba katika kila moja ya vijiji hivyo palikuwa na mtu anayeijua njia, aliyeionyesha, akizungumza Kiswahili chetu.

Sörnäs alitoka mbali, hakuwa na ndugu ndani ya shimo, na pengine ndiyo maana aliweza kuuacha ukingo wazi kwa yeyote. Sijui mwenyeji angeweza. Nimewaza kuhusu uzio wa Walega badala ya shimo: kitu kisicho cha saruji, kinachosimamishwa asubuhi ya 2 Agosti na kuondolewa jioni, mtu yeyote akija na jina la kulitundika. Sharti liwe moja tu. Jina unalolileta lisiwe la kwenu.

Nililisema wazo hilo nyumbani kwa rafiki, tukiwa na mwalimu mmoja mstaafu, muzee wa heshima mwenye ulimi mkali, na mama mmoja jirani aliyekuja na karanga zake. Mama alicheka kwanza. "Utausimamisha wapi, baba? Hapa kila parseli iko na mwenyewe. Uache uzio siku moja, kesho utakuta mutu amesha jenga." Hakuwa anatania sana, viwanja vya umma Bukavu vimeliwa kimoja kimoja mbele ya macho yetu, na mlima ukiteleza na mvua ndipo tunaulizana nani alitoa kibali. Mwenye nyumba alisema hatakuja mtu hata mmoja. Mwalimu alisema yeye angekuja. Tukamwambia, basi, anza. Akaomba karatasi, akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akavaa miwani, akaandika juu kabisa kwa mwandiko wake wa ubaoni: Kashusha.

Mwenye nyumba, ambaye shangazi yake alifia Kasika, aliusogeza ule ukurasa upande wake akausoma. "Mwalimu," akasema, "mbona unaanza na bale?"